Barua ya Wazi kwa Wazazi Wenye Watoto katika Vituo vya Kandanda

Kwa akina baba, akina mama na walezi wa watoto wanaofundishwa kandanda katika vituo vya Dar es Salaam na vitongoji vyake.

Wazazi wenzangu waheshimiwa,

Naomba ruhusa ya kuingia katika shauri ambalo yeyote miongoni mwenu angeweza kuniambia, na akawa na haki, kwamba halinihusu. Maana mtoto ni wenu, ada ya kituo hutoka mifukoni mwenu, na daluga alizovaa kijana zilinunuliwa kwa fedha ambayo pengine ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa ya unga na mkaa. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikaongoza timu za watoto katika mashindano ya UMITASHUMTA na kupuliza kipenga katika mechi ambazo hakuna gazeti lililoziandika, na sasa, nikiwa mtu asiye na timu wala cheo cha kukilinda, hupenda kupita kando ya viwanja vya mchanga vya mji huu Jumamosi asubuhi, ambapo aghalabu macho yangu huwaacha watoto na kuwaelekea ninyi mliosimama nje ya mstari. Kwa sababu hiyo barua hii haisemi juu ya ufundi wa watoto wenu, ambao wengi wao ni hodari kuliko tulivyokuwa sisi, wala juu ya ubovu wa viwanja, ambao umekwisha kulalamikiwa vya kutosha. Inasema juu ya nia iliyowaamsha kabla ya jua kuchomoza, mkamshika mtoto mkono na kumpeleka.

Walio na umri kama wangu watakumbuka kuwa zamani hapakuwa na mzazi aliyempeleka mtoto mpirani. Mtoto alijipeleka mwenyewe, akacheza chandimu na wenziwe kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba, katika uwanja usio na chaki wala refa, na kazi ya mzazi katika mchezo ule ilikuwa moja tu, nayo ni kumwita nyumbani jua linapokuchwa, na asipoitika, kumfuata na kiboko. Baba aliyechapwa kwa ajili ya mpira ndiye leo anayemwamsha mwanawe alfajiri ili asichelewe mazoezi. Mageuzi hayo yana sababu nyingi, ila iliyo kubwa kuliko zote ina jina la mtu. Mbwana Samatta, kijana wa mji huu aliyechezea African Lyon na Simba kabla ya kununuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, alitwaa na klabu hiyo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akatunukiwa Januari 2016 tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani, akahamia Genk ya Ubelgiji mwezi huo huo, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa, ambayo aliifungia bao katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City. Tangu hapo kila mzazi wa Mbagala, Tandika na Manzese aliye na mtoto mwenye mbio amepata jina la kutia katika dua zake. Sina neno na dua hizo. Naomba tu anayeziomba akumbuke kuwa kijana yule alifika Ulaya akiwa na miaka 23, mtu mzima aliyekwisha kupita katika ligi ya nyumbani na ya jirani, ilhali wengi wenu, mnapomleta kituoni mtoto wa miaka tisa, swali lenu la kwanza kwa mfundishaji huwa ni atakwenda lini.

Nianze na nia ya riziki, kwa kuwa ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote na ndiyo, kwa hukumu yangu, yenye udhuru mkubwa kuliko zote. Waungwana wenye mishahara husema kwa dharau kuwa fulani amemfanya mwanawe kitega uchumi, wakasahau kwamba wao wenyewe huwapeleka watoto wao katika shule za ada kubwa kwa nia hiyo hiyo; tofauti iliyopo ni kwamba njia ya vitabu imekwisha kukubaliwa kuwa ya heshima na njia ya miguu haijakubaliwa bado. Mama muuza vitumbua ambaye mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha nne, akatafuta kazi mpaka soli zikaisha, na cheti chake hadi leo kimelala sandukuni, hana wazimu anapoitazama kasi ya mtoto wake wa mwisho na kuanza kupiga hesabu. Ameipima dunia kwa kipimo alicho nacho, nami nisingethubutu kumwambia aache kutumaini.

Ninachothubutu kumweleza ni jinsi fedha yenyewe inavyotembea, maana nimewasikia watu wazima, wenye akili timamu, wakijenga nyumba za ghorofa juu ya hesabu isiyokuwapo. Kanuni za FIFA zimeweka kwamba mchezaji aliye katika mkataba anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, sehemu 5 katika kila 100 za bei yake hutengwa na kugawiwa waliomlea kimchezo tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Habari hiyo husambazwa sana na husikilizwa nusu. Mgawo huo ni wa klabu na vituo vilivyomsajili, wala hautaji baba wala mama. Na hata kwa kituo, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya robo ya sehemu moja katika mia. Kijana akiuzwa kwa shilingi bilioni 1, jambo ambalo kwa wengi halitatokea kamwe, kituo kilichokaa naye mwaka mmoja alipokuwa na miaka 13 kitapata shilingi milioni 2 na nusu, na mama aliyemlisha miaka yote hiyo kumi na mitatu, akamfulia jezi na kumkanda misuli kwa maji ya chumvi, kanuni haimpi hata senti moja. Atapata kile tu ambacho mtoto mwenyewe, kwa hisani yake na kwa kumbukumbu njema za nyumbani, atapenda kumtumia. Kwa hiyo hata mzazi akiamua, kama mfanyabiashara asiyeona haya, kwamba mtoto ni mtaji wake, mtaji huo haurudi kwake ila kwa njia ya mapenzi, na yuko mzazi ambaye, kwa kumkaripia mtoto kila Jumamosi mbele ya watu, huyatumia mapenzi hayo yote kabla kijana hajafikisha umri wa kutia saini.

Nia ya pili siivumilii sana, nayo ni fahari ya mzazi, hasa fahari ya baba ambaye ujana wake mwenyewe uliishia katika timu ya mtaa. Huyu hana haja ya fedha. Mara nyingi amekuja na gari lake, na amemnunulia mtoto daluga za bei ambayo kocha wa kituo haipati kwa mwezi. Anachokitafuta ni marudio ya maisha. Kocha akisema "cheza chini," yeye hupaza sauti "piga mbele". Refa akipuliza, yeye ana sheria zake. Na mtoto wa mwingine akifunga bao, huanza kuuliza kwa sauti ya kusikika kama kweli yule ana miaka kumi. Nimemwona mtoto ambaye, baada ya kunyang'anywa mpira, hakuukimbilia mpira wala hakumtazama mfundishaji wake, akageuza shingo kumtafuta baba kwa macho, na wakati huo wote mchezo ukaendelea bila yeye. Kisha kuna mechi ya pili, ile inayochezwa njiani wakati wa kurudi, baba akimhesabia mtoto pasi alizopoteza moja baada ya moja, na mtoto, ambaye asubuhi alikuwa anacheza, mchana amekuwa mshitakiwa asiye na wakili. Nadhani mechi hii ya pili ndiyo inayowafanya wengi waache mpira wakifika miaka kumi na minne, na wazazi wakasingizia simu.

Wasomi miongoni mwenu hunijibu kwa mfano wa Richard Williams wa Marekani, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliandika mpango wa kurasa 78 wa kuwafanya binti zake mabingwa wa tenisi hata kabla hawajazaliwa, baada ya kuona katika televisheni fedha aliyopewa mwanamke mmoja kwa kushinda mashindano, akawafundisha Venus na Serena katika viwanja vya umma vya Compton, na dunia nzima ikashuhudia yaliyotokea. Mfano ni wa kweli, lakini wanaoutaja huruka ukurasa mmoja: baba huyo huyo, Serena alipokuwa na umri wa miaka kama 10, aliwaondoa binti zake katika mzunguko wa mashindano ya watoto, akitaka wasome na wasikimbizwe, wakati ambapo wazazi wengine walikuwa wakipigana vikumbo kuingiza watoto wao humo. Aliyejenga ndoto kubwa kuliko wote ndiye aliyethubutu kumwambia mtoto apumzike. Upande wa pili yuko Andre Agassi, aliyerushiwa mipira na mashine iliyorekebishwa na baba yake katika uwanja wa nyumbani kwao Las Vegas, akashinda mashindano makubwa manane, kisha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009 akaandika kwamba aliuchukia mchezo ule. Wote hao ni washindi, na walioshindwa baada ya malezi kama hayo hawakuandikiwa kitabu. Kwa hiyo sitaki kujenga sheria juu ya watu watatu. Lakini mtu anapopata kila kitu alichokitamani baba yake na bado akaandika maneno kama yale, insafu inatutaka tuulize ni nani aliyekuwa akicheza miaka yote hiyo.

Zipo pia nia njema, tena nyingi kuliko tunavyodhani. Mama ampelekaye mtoto kituoni ili asipate saa za kukaa kijiweni karibu na wavuta bangi ana hoja ambayo hakuna kitabu kitakachoishinda, na mwalimu yeyote atawaambia kuwa mtoto aliyezoea kuamka mapema, kupanga foleni, kushindwa na kumpa mkono aliyemshinda, huingia darasani na murua ambao fimbo haiwezi kuuleta. Kwa wasichana hali ni safi zaidi, au ilikuwa safi zaidi hadi juzi. Wazazi walioruhusu binti zao kucheza katika siku zilizotangulia timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, kufika fainali za Afrika mwaka 2010, wakavumilia maneno ya majirani na ya jamaa, hawakuwa na ndoto ya fedha hata kidogo, kwa kuwa fedha haikuwapo. Waliruhusu kwa sababu mtoto alitaka. Sasa kwa kuwa Aisha Masaka ametoka Yanga Princess akafika Sweden na kisha Brighton ya Uingereza, naona na akina baba wa mabinti wameanza kuuliza atakwenda lini, na sijui nifurahi au nisikitike.

Nafika katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Nia zote nilizozitaja, njema kwa mbaya, zinaweza kukaa miaka ndani ya moyo wa mzazi zikiwa zimechanganyika, hata mwenyewe asijue ipi inamwendesha, ila ipo siku moja ambapo hujitenga, nayo ni siku mzazi anapovutwa kando na mtu wa mpira na kuambiwa kwamba mtoto ni hodari, ila umri wake umezidi kidogo, na kwamba jambo hilo dogo lina dawa. Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa hutafutwa upya na mwaka ukabadilishwa, au mtoto akaazimwa cheti cha mdogo wake, na kuanzia jioni ile nyumba ina kijana mwenye umri wa nyumbani na umri wa mpira, ambaye mama yake mzazi, aliyemfundisha kusema kweli tangu alipojua kutamka, sasa anamkalisha kitako na kumfundisha kujibu uongo bila kupepesa macho.

Najua majibu yenu. Mtasema kila mtu anafanya hivyo, kwamba asiyefanya huachwa, kwamba hata mataifa hufanya. Ni kweli kuwa mataifa yamefanya, na yamelipa. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys, wakiwa wamekwisha kufuzu fainali za Afrika za walio chini ya miaka 17 nchini Gambia, waliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yao ikapewa Zimbabwe. Mwaka 2019 fainali kama hizo zilifanyika hapa hapa Dar es Salaam, Guinea ikafika mpaka mchezo wa mwisho, kisha ikafutiwa matokeo na kupoteza nafasi yake ya Kombe la Dunia, baada ya kuonekana kuwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wawili hazikulingana na zile walizoandikishiwa katika mashindano ya awali huko Japani. Mapema mwaka 2023 Cameroon ilipowapima vijana 30 wa timu yake kwa ajili ya mashindano ya umri huo huo, 21 miongoni mwao walishindwa. Kipimo chenyewe ni picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, iliyoanza kutumiwa na FIFA katika Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009. Kwa kuwa sehemu ya mfupa inayokua haifungiki yote, aghalabu, kabla ya miaka 17, picha ikionyesha imekwisha kufungika, mfupa umekwisha kutoa ushahidi ambao hakuna muhuri wa ofisi utakaoupinga.

Tuseme basi kwamba kipimo hakikumfikia mtoto wako, kwa kuwa hakuitwa timu ya taifa. Je, umempatia nini? Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinakataza mchezaji kuhamishiwa nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, na ruhusa chache zilizomo, kama ile ya vijana wa miaka 16 wanaohama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya, hazimgusi kijana wa Temeke. Mlango huo huhesabu kwa karatasi. Mtoto uliyempunguzia miaka mitatu atafikia miaka 18 ya karatasi akiwa na miaka 21 ya mwili. Kwa mkono wako mwenyewe umemzidishia kungoja miaka mitatu, katika umri ambao mwanasoka hana miaka ya kugawa sadaka. Na akifika huko, klabu iliyomnunua ikidhani ina kijana wa kukuzwa itashangaa kuona hakui, na goti lake litaanza kuzeeka wakati hati yake inasema yuko katika ukamilifu wa nguvu. Fauka ya hayo, mwaka ule wa uongo haubaki mpirani. Utamfuata katika pasi ya kusafiria na kitambulisho cha taifa, na atakapotaka siku moja kujirudishia umri wake wa haki, atalazimika kukiri jinai ambayo hakuitenda yeye.

Hayo ni ya mtoto wako. Yupo pia mtoto wa jirani. Imethibitika katika nchi nyingi na michezo mingi kwamba miongoni mwa watoto wa mwaka mmoja, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huchaguliwa katika timu za vijana kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho, kwa sababu tu wamewatangulia wenzao miezi kumi au kumi na moja ya kukua kifua na miguu, na wachaguzi hudhani kimo ni kipaji. Ikiwa miezi kumi na moja ya halali inatenda dhuluma hiyo bila ya kukusudiwa na mtu, fikirini miaka mitatu ya kughushi inatenda nini kwa mtoto wa miaka 12 aliye na miaka 12 kweli, ambaye anakaa benchi akijiona dhaifu, akaacha mpira, na baba yake maskini akaamini kuwa hakuwa na kipaji. Katika miaka yangu ya kusimamia timu nilimwona mtoto wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na sikuwahi kumwona mtu aliyekuja kumwomba radhi.

Kuhusu mwili wa mtoto nitasema kwa ufupi, kwa kuwa waganga wamesema vizuri kuliko nitakavyosema. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto asifungwe katika mchezo mmoja peke yake mpaka afikie miaka 15 au 16, apate siku moja au mbili za mapumziko kila juma, na jumla ya miezi mitatu kila mwaka asiuguse mchezo wake mkuu. Kwetu sisi mtoto hufanya mazoezi kituoni asubuhi, hucheza shuleni mchana, na jioni mjomba humwazima kwa ndondo ya mtaa. Kisha akilalamika maumivu chini ya goti anaambiwa ni uvivu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutia mchezo na mapumziko katika jumla ya haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na nionavyo mimi, mchezo ambao mtoto hawezi kuuacha hauhesabiki katika haki hiyo.

Mtu wa mwisho wa kumtaja ni yule mwenye simu mbili na picha alizopiga na wachezaji mashuhuri, anayekuja nyumbani jioni na kusema ana klabu Ulaya inayomtaka mtoto kwa majaribio, ila zinahitajika fedha kidogo za kushughulikia viza. Kanuni za mawakala za FIFA zilizoanza kutumika mwaka 2023 hazimruhusu wakala kumwendea mtoto wala mlezi wake mpaka ibaki miezi sita, au pungufu, kabla ya umri ambao sheria za nchi zinamruhusu kutia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mlezi. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Na klabu kubwa kama Barcelona, kwa kuvunja kanuni za watoto wa kigeni, ilihukumiwa mwaka 2014 kutosajili kwa vipindi viwili. Klabu zinazoogopa adhabu kama hiyo hazimtumi mtu kuchukua mtoto wa miaka 13 Mbagala kwa njia ya simu. Anayewaambia vinginevyo anaijua haja yenu, na haja hiyo ndiyo biashara yake.

Siwaombi mwondoe watoto vituoni. Nawaomba, kabla ya usajili wa msimu ujao, mkiwa bado na nafasi, mumwulize kiongozi wa kituo kama mtoto wenu ameandikishwa katika shirikisho la mpira kwa jina lake na tarehe yake ya kweli, maana hata ule mgawo mdogo nilioueleza hufuata usajili, na kituo kisichosajili watoto kinakusanya ada tu. Mwulizeni pia ni saa ngapi mtoto anarudi kwenye vitabu, na ni nani anayekaa na mabinti wakati wa safari za mashindano. Kadi ya kliniki aliyoandikiwa siku za kuzaliwa kwake iwekeni pamoja na cheti, asipewe mtu nakala halisi hata akiitaka kwa ahadi gani. Uwanjani simameni mbali kidogo na mstari, na njiani mkirudi ongeeni habari nyingine.

Kisha, siku ambayo hakuna mechi wala mgeni, baba peke yake au mama peke yake amwulize mtoto kama anataka kuendelea, amwulize bila ya kumkumbusha ada iliyokwisha kulipwa wala shida za nyumbani, na alivumilie jibu. Akisema anataka, mshukuruni Mungu, mpelekeni. Akisema hataki, siku hiyo hiyo mrudishieni kituo jezi yake, na daluga, kama bado nzima, apewe mtoto wa jirani mwenye mguu wa kipimo kile.

Wenu katika malezi,
Mwalimu mstaafu, Temeke